Mlango umeandikwa 1306

Kila dalali wa Mji Mkongwe ana nyumba yake ya miaka mia tatu. Mfuate vichochoroni kutoka Darajani hadi Shangani, atakuonesha tatu nne kabla ya adhana ya adhuhuri, na zote kwa maneno yake ni "za tangu Wareno". Kazi yangu ni kukagua nyumba kabla mtu hajatoa pesa yake, au kabla fundi hajatia nyundo. Swali la umri ndilo la kwanza kuulizwa na ndilo linalonichelewesha kuliko yote.

Tuanze na historia kidogo. Wareno walikuwapo Unguja, hilo kweli, lakini walichotuachia mjini ni mabaki ya kanisa, ambayo Waomani waliyazungushia Ngome Kongwe baada ya kuwaondoa mwishoni mwa karne ya 17. Mitaa ya nyumba za mawe ni habari nyingine. Sayyid Said bin Sultan alihamishia makao yake Unguja katika miaka ya 1830 hadi 1840, karafuu zikashamiri, biashara ya pembe na ya watumwa ikanenepa, wafanyabiashara wa Kihindi wakaja na mitaji yao, na hapo ndipo mawe yalipoanza kupanda kwa kasi. Sehemu kubwa ya mji tunaouona leo ni ya karne ya 19, na nyingi katika hizo ni za wakati wa Sayyid Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, au za miaka iliyofuata. Nyumba ya miaka 150 hapa ni mzee wa kuamkiwa. Anayedai mia tatu alete kitu zaidi ya mdomo.

Watu hudhani umri ni jambo la fahari, au la bei. Bei ipo, maana wenye hoteli ndogo hupenda kuandika mwaka kwenye kibao cha mlangoni. Lakini kwangu mimi umri ni habari ya ukuta. Ukuta wa zamani ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa na chokaa na udongo mwekundu, unene wake nusu mita au zaidi, na unaishi kwa kupumua: unanyonya unyevu kutoka chini na kuutoa juu. Ukiupiga lipu ya saruji umeuziba pua. Maji na chumvi vinabaki ndani, chokaa inalegea, na baada ya miaka kadhaa lipu inabaki imesimama peke yake, nyuma yake mawe yamekuwa kokoto na unga. Ukuta wa matofali ya saruji hauna shida hiyo. Kwa hiyo lazima nijue ukuta upi ni wa lini, na katika nyumba moja mara nyingi zipo kuta za nyakati tatu au nne.

Nitaieleza kwa nyumba moja ya mtaa wa Kiponda, humuhumu Mji Mkongwe, kwa kuwa ina karibu kila mtego ninaoujua. Mwenyewe ni mama wa makamo aliyekulia Muscat. Alitaka kuwalipa ndugu zake sehemu zao za urithi ili nyumba ibaki kwake, na katika familia yao ilikuwa haina ubishi kwamba babu mzaa babu ndiye aliyeijenga. Aliponipokea barazani alininyooshea kidole juu ya mlango.

"Si umeandikwa, mwanangu? Elfu moja mia tatu na sita."

Umeandikwa kweli. Mwaka 1306 wa Hijra ulianza Septemba 1888 na kumalizika Agosti 1889, yaani Barghash alikuwa ameshafariki na aliyekuwa kitini ni Sayyid Khalifa. (Nimewahi kumkuta mtalii akimweleza mwenzake, mbele ya mlango mwingine wa jinsi hiyo, kwamba nyumba ina miaka mia saba. Alidhani 1306 ni ya Miladi. Sikumkatiza, alikuwa amefurahi mno.) Ukitaka kukadiria bila jedwali, zidisha mwaka wa Hijra kwa 0.97, kisha ongeza 622, utafika karibu. Usiandike mwaka mmoja wa Miladi, andika miwili, kwa sababu mwaka wa Hijra kwa kawaida haukai ndani ya mwaka mmoja wa Miladi.

Kabla ya hesabu, hakikisha umesoma tarakimu. Sifuri ya Kiarabu ni nukta tu, na nukta iliyochongwa kwenye mbao, ikipakwa vanishi mara kumi, hujaa na kupotea. Tano ya Kiarabu ni kiduara kinachofanana na sifuri ya kwetu. Mtu asiyezoea akiona ١٢٨٥ husoma "128" na kitu kama sifuri mwishoni, akabaki amechanganyikiwa. Mimi huweka kurunzi pembeni, mwanga upite juu ya mbao kwa ubapa, ili kila shimo litupe kivuli. Mlango wa Kiponda ulisomeka vizuri. Nukta ilikuwapo.

Sasa, mlango wenyewe unathibitisha nini? Unathibitisha kwamba seremala alimaliza kazi yake mwaka huo. Basi. Milango hapa imenunuliwa, imeuzwa, imehamishwa mtaa hadi mtaa, imetolewa kwenye nyumba zilizoanguka ikatiwa kwenye nyumba zilizosimama. Wapo mafundi leo wanaochonga mlango mpya na kuuzeesha kwa mafuta na moshi hadi ukaapa umetoka kwa mfalme. Husemwa kwamba zamani mlango ulisimamishwa kwanza, nyumba ikajengwa kuuzunguka. Inawezekana, kwa nyumba zilizojengwa kwa mpango na tajiri asiye na haraka. Siwezi kuifanya kanuni.

Umbo husaidia kidogo. Milango ya kizamani zaidi ina kizingiti cha juu kilichonyooka, cha mstatili. Ile yenye upinde juu, iliyojaa majani na maua kwa mkono wa Kihindi, ilishika mji katika robo ya mwisho ya karne ya 19. Huu ulikuwa wa upinde, kwa hiyo umbo na tarehe vilikubaliana. Mbao ilikuwa msaji, mfaa wa kati haujaguswa, misumari ya shaba nayo haikupungua. Hakuna lililonitia shaka juu ya mlango. Shaka iliingia nilipoacha kuutazama mlango na kutazama ukuta unaoushika.

Lipu ya pembeni ilikuwa imedondoka karibu na miimo, sehemu ya upana wa viganja viwili. Ndani yake mawe yalikuwa madogo madogo, yamepangwa kwa kubanwa, na chokaa yake nyeupe kuliko ya ukuta mwingine, ngumu, haina udongo mwekundu. Nikahamia upande wa pili, nikagonga kwa kidole cha bisibisi: sauti ileile kavu kwa urefu wa mkono mzima, kisha ikabadilika. Nikaomba ngazi. Juu ya upinde, ndani ya ukuta, kulikuwa na gogo la mbao limelazwa, na gogo hilo lilipita mlango kulia na kushoto, karibu mkono mmoja kila upande. Mtu hatii kizingiti cha mita tatu juu ya mlango wa mita moja na nusu. Kizingiti kile kilibeba uwazi mpana, na uwazi mpana unaotazama njia katika mitaa hii ni duka. Mbele palikuwa wazi pote, pakifungwa usiku kwa mbao za kusimamisha. Baadaye mtu alikuja na mlango wake wa fahari, akaziba pembeni kwa mawe madogo, akageuza duka kuwa nyumba.

Mama hakuipenda habari hiyo. "Kwa hiyo babu hakujenga?" Nikamwambia babu alijenga, tusubiri tuone alijenga nini.

Ndani, mahali pa kwanza pa kutazama ni juu. Dari za zamani zilibebwa na boriti za mikoko, zikalazwa karibukaribu, juu yake mawe bapa, kisha tabaka nene la chokaa na kokoto lililopigwa kwa magongo hadi likashika. Mti wa mkoko haukupi urefu unaoutaka wewe, unakupa urefu wake. Ndiyo maana vyumba vya kale vya pwani nzima vina upana wa mita mbili na nusu hadi tatu, na urefu wowote. Lamu ni hivyo, Mombasa ni hivyo, na mama yule aliniambia nyumba za kale alizozoea Oman nazo ni nyembamba vilevile. Haishangazi. Boriti zilipakiwa majahazini kutoka mikoko yetu zikashushwa bandari za Ghuba, miaka nenda miaka rudi. Kwa hiyo kabla sijagusa chochote natoa tepu na kupima upana wa kila chumba. Chumba kinachovuka mita tatu na nusu bila nguzo wala tao kina mhimili wa aina nyingine, na mhimili huo una tarehe yake. Beit al-Ajaib, jumba la Sayyid Barghash la 1883, lilipata kumbi zake pana kwa chuma kilicholetwa kutoka nje, kitu ambacho mtu wa duka la Kiponda hakuwa nacho wakati ule.

Chumba cha mbele cha chini kilikuwa mita mbili na sentimita sabini, boriti za mviringo, gome limebaki hapa na pale. Ghorofa ya kwanza, upande wa mbele, boriti vilevile. Ghorofa ya pili ndiko mambo yalikobadilika. Chumba kikubwa, karibu mita nne na nusu, na mihimili ya mbao za mraba.

Nikapanda tena ngazi na kurunzi. Mbao iliyochongwa kwa tezo ina mabonde madogo yasiyolingana, mkono unayasikia. Iliyopasuliwa kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu mmoja ndani ya shimo, ina mikwaruzo iliyonyooka, ila imeinama inama kwa kuwa watu huchoka. Iliyopita kwenye msumeno wa duara ina mikwaruzo ya upinde, yote imepindia upande mmoja, kwa nafasi zinazolingana. Mihimili ya ghorofa ya pili ilikuwa na mapinde hayo kutoka mwanzo hadi mwisho. Mashine, tena mashine iliyotulia. Hiyo ni mbao ya kununuliwa bandarini, na mtu aliyeinunua alikuwa na uwezo tofauti na aliyelaza boriti chini.

Hapa naomba nikae kidogo, kwa sababu hiki ndicho kiini cha kazi yote. Ukaguzi mara chache hukupa mwaka. Unakupa zamu: hiki kilitangulia, kile kikafuata. Na mahali pa kuona zamu ni pale vitu viwili vinapokutana. Nyumba ya Kiponda ina ngazi nyembamba ya mawe inayopanda kwa nyuma. Katika kituo cha ngazi, ghorofa ya kwanza, ukuta wa pembeni unakutana na ukuta wa nyuma, na kona ile ilikuwa na ufa wima, umenyooka kama uzi, kutoka sakafuni hadi darini. Fundi aliyekuwapo alisema ni ufa wa kuzama kwa msingi. Ufa wa kuzama haunyooki hivyo. Hupinda, hufuata udhaifu, huwa mpana upande mmoja. Kuta mbili zinazojengwa pamoja mawe yake huingiana kama vidole vya mikono iliyoshikana. Hapa hapakuwa na jiwe hata moja lililovuka. Ukuta mmoja ulijengwa ukamalizwa, na wa pili ukaja kuegemea.

Upi ni wa kwanza? Nilipanua ufa kidogo kwa kisu. Ukuta wa nyuma ulikuwa na rangi ya chokaa iliyoendelea kuingia nyuma ya ule mwingine. Yaani uso wa ukuta wa nyuma ulikuwa nje, umepigwa lipu, umepakwa, umenyeshewa, kabla bawa la ngazi halijaja kuufunika. Fundi naye akachungulia, akanyamaza. Ile rangi iliyofichwa nyuma ya ukuta ina thamani kwangu kuliko mlango wote wa msaji, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuwa na haja ya kuidanganya.

Kutoka hapo picha ikajipanga. Kwanza kulikuwa na duka la chini na ghorofa moja juu yake, boriti, chokaa ya udongo. Baadaye likaongezwa bawa la ngazi na ghorofa ya pili kwa mbao za mashine, na chokaa ya bawa hilo, nilipoilinganisha, ilikuwa nyeupe, ngumu, haina udongo, sawasawa na ile iliyoziba pembeni mwa mlango. Nilimwita mama ashike mwenyewe, kipande cha huku na kipande cha kule. Mlango wa 1306, kuziba duka, ngazi na ghorofa ya juu vyote vinaelekea kuwa kazi ya mkono mmoja. Babu alinunua nyumba ya mfanyabiashara akaifanya jumba la familia yake. Alijenga, na hakujenga.

Kuna watu wanaoamini majaribio ya mkononi. Kijana wake mama, aliyekuja kutoka Toronto, alikuwa amesoma kwamba ukidondosha tindikali au hata maji ya ndimu kwenye chokaa inatoa povu, na saruji haitoi. Tukajaribu, kila kitu kikatoa povu, pamoja na ukuta wa matofali wa juzi. Mchanga wetu ni vumbi la matumbawe, na matumbawe ni chokaa mtupu. Jaribio la mahali pengine hapa halina kazi. Kisu ni bora: chokaa ya zamani inakwanguka na kutoa unga laini, saruji inakwaruza kisu.

Alitaka pia kujua kwa nini tusipeleke kipande cha boriti kikapimwe umri kwa kaboni 14. Swali zuri, na linaulizwa sana. Kipimo hicho kinafaa kwa magofu ya kale zaidi, kama ya Kilwa au Gedi. Kwa miti iliyokatwa kati ya 1650 hivi na 1950, kiwango cha kaboni hewani kilipanda na kushuka kiasi kwamba jibu linaweza kuangukia karne ya 17, ya 18 au ya 19 kwa pamoja. Utalipa pesa nyingi kuambiwa unachokijua. Na hata ukipata jibu safi, umepata mwaka ambao mti ulikatwa, na boriti nzuri ikitoka kwenye nyumba iliyoanguka haitupwi.

Misumari nayo isikudanganye. Vitabu vya ukaguzi vya Ulaya na Marekani vinasema msumari wa pembe nne uliofuliwa kwa mkono ni wa kale, wa duara wa kiwandani ni wa mwisho wa karne ya 19 kuja huku. Kwetu wahunzi waliendelea kufua misumari ya majahazi muda mrefu baada ya ile ya kiwandani kufika, na msumari wa jahazi ukibaki mfukoni mwa seremala huishia kwenye fremu ya dirisha.

Vigae navyo vina hadithi yake, hasa ng'ambo, Mombasa na Tanga, ambako paa nyingi za zamani zilifunikwa kwa vigae vyekundu kutoka Mangalore, India. Vina jina la kiwanda mgongoni, na baadhi vimechapwa 1865. Mwenye nyumba akikishusha kimoja akaona 1865 anafanya sherehe. Huo ni mwaka Basel Mission, wamisionari wa Uswisi, walipoanzisha kazi ya vigae Mangalore, na ulibaki kwenye kalibu. Jina lenyewe ndilo lenye faida zaidi: viwanda vile viliwatoka Basel Mission wakati wa Vita Kuu ya Kwanza vikaingia mikononi mwa kampuni ya Kiingereza, Commonwealth Trust, kwa hiyo jina la kwanza linakuelekeza kabla ya vita na la pili baada yake. Bado kigae ni kitu cha kuhamishika. Ukikuta paa nzima ina jina moja, tia maanani. Ukikuta mchanganyiko, umekuta mtu aliyekuwa akiziba.

Kiponda paa ni mabati. Karibu zote mjini ni mabati sasa, lakini panda ndani ya dari, chini ya bati, ukatazame unakanyaga nini. Sisi tulikuta sakafu ya chokaa iliyolainishwa, imeinamishwa kidogo kuelekea ukingoni, na mashimo mawili ya milizamu yaliyozibwa. Ilikuwa paa bapa ya wazi, watu wakipunga upepo na kuanika. Bati lilikuja baadaye, pengine kwa sababu paa ilivuja, maana paa bapa isiyopigwa chokaa kila baada ya misimu michache huvuja. Mabati yenyewe yamebadilishwa mara nyingi mno kutuambia lolote.

Karne ya 20 ni rahisi zaidi na haina haya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi za mjini zilitaifishwa zikagawiwa wapangaji, chumba kwa familia. Katika nyumba hii kuta za matofali ya saruji zilikata ukumbi wa ghorofa ya kwanza vipande vitatu, zimesimamishwa juu ya sakafu ya boriti ambayo haikuwahi kuombwa ibebe mzigo huo. Saruji iliwahi kuletwa kwa meli kabla ya hapo, lakini ilikuwa mali ya wenye nayo. Kiwanda cha saruji cha Bamburi, Mombasa, kilianza uzalishaji 1954 na cha Wazo Hill, Dar es Salaam, 1966, na ndipo tofali la saruji likawa kitu cha kila mtu. Rangi ya mafuta ya kijani hadi kifuani, dirisha la luva, waya wa umeme uliofunikwa plastiki ukipita juu ya ukuta: hivyo vyote ni vya kipindi hicho au baada yake. Nilikwangua sehemu ndogo nyuma ya mlango wa chumba kimoja na rangi zilitoka kwa zamu, emalshani nyeupe, kijani cha mafuta, kisha tabaka nyingi nyembamba za chokaa, baadhi zimetiwa buluu, na chini kabisa nyekundu ya udongo. Kwenye kuta za matofali kijani ndiyo ya mwisho. Hakuna chokaa chini yake. Hapo huhitaji kuuliza mtu.

Kuuliza watu naacha hadi mwisho kwa makusudi, macho yasije yakaona kilichosikiwa. Nikishajua nyumba imesemaje, naenda kwa majirani. Nyumba ya pili alikuwapo bibi anayekaa dirishani karibu siku nzima.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. We ndo unayekwangua ukuta wa watu?"

Yeye hakujua chochote cha 1306, na hakujifanya. Alijua kwamba kuta za matofali zilijengwa na mpangaji mmoja bila kumwuliza mtu, alijua mwaka ambao choo cha nyuma kilianguka, na alijua kwamba bomba la maji machafu linapita chini ya ngazi, jambo ambalo lilinieleza unyevu nilioushangaa. Mashahidi wa namna hiyo ni wazuri kwa miaka sitini iliyopita. Ukiwapeleka nyuma ya hapo wanakupa ya kusikia, na ya kusikia ndiyo iliyompa mama yule imani kwamba babu alianza na kiwanja kitupu.

Karatasi nazo zina mipaka. Hati ya mauzo inaeleza kiwanja na majirani, mara nyingi haielezi jengo. Nyaraka za wakfu ni nzuri zaidi, kwa sababu mtoa wakfu hupenda kueleza anachokitoa: duka, ghorofa, kisima. Jumba la Nyaraka la Kilimani lina ramani za zamani, na ile ya mji ya 1892 ni ya kuitazama kwa kila nyumba. Mchoro wa nahodha Mfaransa Guillain wa 1846 unakupa umbo la mji wenyewe, wakati maji ya mkono wa bahari bado yakiutenga na Ng'ambo, mitaa ya upande wa pili. Nyumba iliyosimama mahali ambapo mkono ule ulikuwa ukipita haiwezi kuwa ya kabla ya kufukiwa, na ufukiaji ulikwenda hadi karne ya 20. Nimemaliza mabishano kadhaa kwa ramani hiyo peke yake. Kwa mabadiliko ya karibuni, majalada ya vibali ya Mamlaka ya Mji Mkongwe, iliyoundwa 1985, yanaeleza mengi, pamoja na yale yaliyofanyika bila kibali na kushtakiwa.

Kwa ripoti ya Kiponda sikuandika mwaka wa ujenzi. Niliandika: sehemu ya mbele, chini na ghorofa ya kwanza, ni ya kabla ya 1888, na kwa aina ya chokaa na boriti haielekei kurudi nyuma zaidi ya katikati ya karne ya 19. Bawa la ngazi, ghorofa ya pili na lango kuu, karibu na 1888–1889, kwa sharti kwamba mlango ulitengenezwa kwa ajili ya nyumba hii, jambo ambalo chokaa inaliunga mkono na haliwezi kuthibitishwa kabisa. Paa la bati ni la baadaye, bila tarehe. Kuta za matofali, baada ya 1964. Dalali aliyekuwa akimshawishi mama auze alinipigia simu kulalamika kwamba nimeiharibu nyumba, ilikuwa na mwaka mmoja mzuri na sasa ina minne. Ndugu mmoja wa mama naye hakufurahi, maana alitaka nyumba yote ihesabiwe kazi ya babu.

Mama aliamua kuzitoa kuta za matofali kwanza, sakafu ipumzike, kisha kurudishia lipu ya chokaa chini. Nilimwomba jambo moja: lipu ya saruji ya chumba cha mbele itakapobanduliwa, fundi asipige mpya siku hiyohiyo. Ukuta ule wa upande wa kaskazini sikuwahi kuuona mwili wake, na kama duka lilikuwa na jirani aliyeshirikiana naye ukuta, mashimo ya boriti zake yatakuwa pale. Anipigie, hata usiku. Nitakuja na kurunzi, tupige picha na futi ikiwa imesimama pembeni, halafu wafunike.